Tende Niliyoitafuna Mwenyewe

Bagamoyo,
21 Aprili 1968

Kwako mume wangu Sadallah, huko Tanga,

Pokea salamu zangu na za binti yako, ambaye leo ana siku nane. Tumempa jina la Biubwa kama ulivyotaka. Bado mdogo, anaenea kwenye viganja vyangu viwili, lakini kunyonya ananyonya kweli.

Jana mama yako alikuja kutoka Kerege na tende, aitafune ampake mjukuu wake kinywani, kama ulivyofanyiwa wewe. Unakijua kile kikohozi chake cha tangu Ramadhani. Sasa kinatoa damu, nimeiona kwenye leso yake. Na mkunga alishanionya: mtoto aliyezaliwa miezi haijatimia asisogezwe karibu na mtu anayekohoa, maana kifua chake hakina nguvu ya kupigana.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, simpi."

"We mwana! Leo mate yangu sumu? Si ndiyo yaliyomkuza huyo mumeo?"

Nililia, lakini sikumpa. Tende nikaitafuna mwenyewe nikampaka mtoto, na mama akasoma dua akiwa mlangoni, kanipa mgongo.

Najua watu watakuletea maneno, ndiyo maana nimeyatanguliza yangu. Mama simkatai. Omba ruhusa kazini uje umpeleke hospitali, maana wewe anakusikia. Akipona, nitampakatisha Biubwa kwa mikono yangu mwenyewe. Kabla ya hapo simpi, hata ukiniamuru wewe.

Mkeo akupendaye,
Adija