Mungu Alitujibu Sote Wawili

Pearland, Texas
19 Septemba 2025

Kwa wifi yangu mpendwa Jerotich,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku. U hali gani? Na lile goti, limekubali kukubeba au bado unalibembeleza kwa mafuta ya moto? Mzee wako naye anaendeleaje? Nimesikia mvua imenyesha vizuri huko Litein na chai imestawi. Sisi tunapumua, ingawa joto la hapa si la binadamu.

Usishangae kupata barua ya mkono. Nimempa Shiru, tunayefanya naye kazi wodini, anasafiri kesho. Ujumbe wa simu yangu siku hizi unatokea pia kwenye tableti ya masomo pale mezani, na haya si ya kusomwa na kila mtu. Nilijaribu kukupigia kutoka kazini, nikashindwa, kilio kikanitangulia. Ukimaliza kuisoma, itie jikoni iungue.

Unakumbuka tulimtoa Chemutai shuleni. Mimi na ndugu yako tulikubaliana asomee nyumbani, kwa njia ya Kikristo, na hapo hatukugombana hata kidogo. Kilichotugonganisha ni mtaala. Kipngeno alitaka ule wa vijitabu: mtoto anakaa kwenye kibanda kidogo cha mbao kinachotazama ukuta, anasoma peke yake, anajisahihisha, na akikwama anainua kibendera ili asaidiwe. Eti unaleta nidhamu. Mimi nilitaka ule wa kusoma hadithi kwa sauti, kutoka nje kutazama wadudu na mimea, kukutana na watoto wenzake kanisani kila Alhamisi. Mtoto wa pekee, wifi, kwani ukuta utamjibu nini?

Sasa sikia tulivyojitia kitanzi. Badala ya kukaa chini tuongee kama watu, tulifanya kama tulivyozoea: kila mmoja afunge na kuomba kivyake, kisha alete jibu. Mimi nilifunga nikiwa kazini, nageuza wagonjwa huku tumbo linanguruma. Yeye alifunga hapa nyumbani, si unajua kazi yake ni ya kompyuta. Tulipokutana, akasema Bwana amemwambia vijitabu. Nami, haki ya Mungu, nilikuwa nimeambiwa hadithi.

Ungekuwa ugomvi wa kawaida, mmoja angenuna, mwingine angepika chapati, yakaisha. Lakini nani atamwambia mwenzake kwamba hakumsikia Mungu? Kukubali ya mwenzako kukawa ni kumkana Bwana.

Basi tukanunua mitaala yote miwili. Asubuhi kibanda cha baba, alasiri hadithi za mama, na siku nikiwa kazini namwachia kurasa. Mchungaji alitusifu mbele ya watu kwa bidii yetu, nasi tukatabasamu.

Chemutai akaanza kunyamaza. Wewe unamjua, yule kasuku aliyekuwa anakupigia simu akuulize habari za ng'ombe wote kwa majina! Sasa ukimsemesha anajibu neno moja la Kizungu na kurudi kibandani. Nguo za kanisani zikaanza kumpwaya. Mimi muuguzi, ninayemjua mgonjwa aliyekonda akiwa bado mlangoni, nikajiambia mtoto anarefuka tu.

Jumanne nilisafisha kile kibanda. Nyuma ya vijitabu nikakuta mkate, mayai, wali uliokauka, vyote vimeviringishwa ndani ya karatasi za hesabu. Nikamwita. Nilidhani ataniambia mapishi yangu ni mabaya. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yuko kwenye mfungo. Anamwuliza Mungu ni nani kati yetu aliyesema uongo.

Nilikaa pale pale sakafuni.

Siku hiyo hiyo nilipakia vitabu vyangu vyote garini, nikamwambia ndugu yako ameshinda, mtoto asome vyake, mradi ale. Unajua alinijibu nini? "Usimkatize, Jessica. Mtoto ana wito." Na alisema kwa furaha, machozi yakimlengalenga! Tangu hapo anamwekea mikono kichwani wakati wa chakula, na sahani inaondoka mezani kama ilivyokuja. Mwezi ujao kuna mkutano wa maombi wa Wakenya kule Dallas, na anataka Chemutai asimame atoe ushuhuda. Namwogopa mume wangu, wifi. Hajawahi kunigusa hata kwa ukucha, lakini namwogopa.

Nimeomba ruhusa kazini. Nikikaa naye, Chemutai anameza uji kidogo. Jumatatu nampeleka kwa daktari, baba yake apende asipende.

Nawe nakuomba jambo moja. Ndiwe uliyemlea Kipngeno baada ya mama kufariki, na baada ya neno la Mungu analiogopa lako. Piga saa mbili usiku ya huko, hapa huwa saa sita mchana, sahani ikiwa mezani. Usianze na maandiko, atakushinda. Mwambie tu, kama ulivyomwambia akiwa mdogo, kwamba nyumbani kwenu mtoto hula kwanza.

Leo asubuhi nilimuuliza Chemutai kama Mungu amemjibu. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili, ambacho sijakisikia kinywani mwake kwa muda mrefu: "Bado, mama. Ndiyo maana siwezi kula."

Msalimie Mzee, umwambie viatu vyake nitamletea. Msalimie pia mwanao Lenny na majirani wote wanaotukumbuka. Mwenyezi Mungu akutunze wewe na boma lako. Na ukituombea, wifi, nakusihi usifunge. Tuombee ukiwa umeshiba.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Jessica