Kigoda cha Oduor

Milimani, Kisumu
Agosti 1991

Shemeji Ogola,

Watoto wamefunga shule na wanakusalimia.

Nimesikia Jumamosi unakuja na wazee kutoka Katito, ukikalie kigoda cha marehemu ndugu yako, kisha unirithi pamoja na nyumba.

Sebule nimeipanga upya. Mtungi wa mama mkwe sasa unabeba taa ya umeme, na mkeka wake wa mafunjo nimeutandika mbele ya makochi mapya. Kigoda nimekitundika ukutani, karibu na dari. Fundi alishangaa nilipotaka misumari mirefu hivyo. Nikamwambia apige tu. Kila anayeingia anakisifu.

Karibuni chai. Wewe utakaa kwenye kochi, kama mgeni mwingine yeyote.

Ni mimi,
Lornah, mke wa Oduor