Mnara Umenizuia Kumwozesha Mwanahawa

Mama,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mahindi hapo Mnyuzi yameshika, au jua limeyapiga tena? Huku Mbeya baridi ndiyo mwenye nyumba, sisi wapangaji tu. Mimi mzima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka kumeza mate ni kazi.

Nianze na baya: Ijumaa sitafika harusini. Najua Baba hayupo tena, na walii wa Mwanahawa, wa kumwozesha, ni mimi. Usikunje uso kwanza, soma.

Pale kiwandani tunapika molasi, ule uji mweusi wa miwa, tunatoa spiriti ya hospitali. Siinywi, nanusa tu, na pua haina dhambi. Mnara wake ni mrefu kuliko mnazi. Ndani umepangwa mabati, moja juu ya jingine, kila bati lina matundu kama chekecheke. Mchuzi wa molasi iliyochacha unashuka bati kwa bati, mvuke unapanda kupitia matundu. Mvuke ukiwa na nguvu, mchuzi unashikiliwa juu ya bati, unatokota palepale. Mvuke ukilegea, mchuzi unapenya matunduni, unachuruzika mpaka chini na spiriti yake. Wenyewe wanasema mnara unalia.

Sasa malori ya molasi yamechelewa, mzigo ukawa mdogo. Mzee Mwaipopo, mchochea boila wetu anayetupa mvuke, akapunguza moto.

"Mboga kidogo, moto kidogo," akasema.

Na mimi nikamuunga mkono. Si ndivyo ulivyotulea, kuni zisiishe?

Kesho yake maji taka yananuka spiriti mpaka nzi wanayumba. Injinia Rehema akaja, akatupeleka kwenye saa ya presha. Mshale umeshuka, unatetemeka kama mkono wa mgonjwa.

"Huu ulikuwa unawaambia tangu jana," akasema. "Mzee, nani kakutuma upunguze moto?"

"Mwanangu, nimeokoa kuni."

"Umeokoa kuni, umemwaga spiriti. Hii siyo mboga, Mzee."

Kuchochea moto mkubwa kwa mzigo mdogo nako ni hasara. Injinia akaamua tuzibe baadhi ya matundu, ili mvuke mdogo ubanwe kwenye matundu machache, upate nguvu. Ila lazima mnara uzimwe, upoe, mtu aingie ndani, na mlango wake ni kama mdomo wa pipa. Wote wakageuka kuniangalia. Mama, ule wembamba uliohangaika nao kwa uji wa karanga, leo ndio cheo!

"Likizo yako iko palepale," Injinia akaniambia. "Ukienda tutakusubiri. Siwezi kukulazimisha."

Lakini kusubiri ni kuongeza siku za mnara kuzimwa, na siku hizo kibarua halipwi. Mzee Mwaipopo alikuwa anaangalia viatu vyake. Ana wajukuu anaowalea. Nikasema nabaki.

Basi naingia asubuhi natoka jioni, nimejikunja kama konokono, naziba tundu baada ya tundu. Wakinivuta nje wanapiga vigelegele, "Bwana harusi katoka!" Nawajibu bwana harusi yuko Makuyuni ananyoa ndevu. Tukicheka mgongo unauma, kwa hiyo siku hizi nacheka kidogo.

Msalimie Bibi, mwambie ugoro wake nimeununua. Shangazi wa Handeni asimalize ubwabwa kabla wageni hawajala. Na shemeji mtarajiwa mpeni pole yangu, Mwanahawa anakoroma.

Barua hii nampa dereva wa basi la Tanga, akuachie stendi ya Korogwe. Simu ingetosha, ila uliwahi kusema shehe wenu hupokea neno la walii asiyefika kwa maandishi tu. Hapa chini kata karatasi, umpe asome. Hapo sina utani.

Mimi Jumaa, kaka yake Mwanahawa, baba mmoja mama mmoja, namkabidhi baba mdogo Athumani amwozeshe mdogo wangu badala yangu. Kwanza aulizwe mwenyewe, na asikilizwe hata akijibu taratibu. Mahari yake ni cherehani aliyoitaja. Akikubali, na mimi nimeridhika. Pale mkekani, mbele ya shehe, niachieni nafasi yangu. Hata nyembamba inanitosha.

Mwanao,
Jumaa