Pakiti za Chai Nje ya Geti

Mtwara, Jumapili

Mama Neema,

Neema ameingia shule, na cherehani yako haijauzwa. Nimeanza na hayo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kuyatafuta. Sasa tulia nikusimulie. Nimeshinda, mke wangu, na mtu ninayetaka kumringishia ni wewe.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu tukuzike majina yalipobandikwa. Binti yetu amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Nililia mbele ya ubao wa matangazo, mwanaume mzima na sare yangu ya bandari. Halafu ikaja fomu ya kujiunga: godoro, shuka mbili, ndoo yenye mfuniko, chandarua, jembe na mpini wake, sahani, kikombe, sabuni ya muhula mzima. Mshahara wangu unaujua, na akiba yetu iliishia hospitali. Nikazungusha macho nyumba nzima, kitu cha kuuzika kilikuwa kimoja tu. Fundi wa sokoni akaja, akaikanyaga ile pedeli mara mbili tatu, akasema ataifuata Jumamosi ya wiki inayofuata. Neema alichukua kile kitambaa chako cha maua akaifunika cherehani, akaenda jikoni.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikakumbuka makaratasi yako.

Nisamehe. Miaka yote ile niliyaita takataka. Wewe na mkasi wako mezani, umeinamia pakiti za chai na za sabuni ya unga, unakata vile vipande vya pembeni vyenye kuponi. Nilikuwa nakwambia, "Mke wa mwendesha winchi anaokota makaratasi, watu watasema sikulishi." Ulikuwa unacheka tu. Na beseni tunalofulia lilitokana na kuponi, na shuka ninayojifunika, na mimi nilijifunika bila kuuliza imetoka wapi.

Basi nikaanza kwa kiburi changu, nikaanza na magazeti. Pale ofisini niliona kuponi ya punguzo la godoro, nikaikata vizuri, nikavaa shati la kanisani, nikaenda kwa wakala wa kuponi karibu na soko. Yule kijana akaigeuza, akanionyesha tarehe. Ilikuwa imekufa siku nne nyuma. Mvua zilikuwa zimekata barabara, gazeti limefika Mtwara limezeeka. Nikakumbuka magazeti niliyokuwa nakuletea nyumbani, wewe unayafungia vitumbua. Kumbe ulijua. Ungeniambia basi.

Niliporudi nikafungua kopo lako la maziwa. Kila kuponi ina mahali pake, zinazokaribia tarehe mbele, za mbali nyuma, zimefungwa kwa uzi wa cherehani. Na kikaratasi chenye mwandiko wako: "Kwanza andika unachohitaji. Ndipo utafute kuponi yake. Usinunue kitu kwa sababu ya kuponi." Nilikisoma nikiwa tayari nimeshanunua makopo matatu ya rangi ya viatu vyeupe, kwa sababu yalikuwa na kuponi. Nyumba hii haina kiatu cheupe hata kimoja.

Nikaiweka fomu ya shule kando ya kopo. Kuponi ya ndoo ilikuwemo, ya chandarua ilikuwemo, za sahani na kikombe pia. Shuka, jembe na sabuni ningejikamua kwenye mshahara. Lililobaki ni godoro, na godoro ndilo lingeondoka na cherehani. Lilitaka kuponi za chai nyingi mno, kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi na Neema tungekunywa chai mpaka tuvimbe, tusingezifikisha.

Hapo nikalisikia lile swali lako. "Pale nje ya geti la bandari wanachemshiwa chai vibarua wote wa korosho. Zile pakiti zinakwenda wapi?" Nilikujibu vibaya siku ile. Nilikwambia usithubutu kukanyaga pale, nitachekwa mpaka nishindwe kupanda winchi.

Alhamisi nikaenda mwenyewe kwa Bi Somoe, yule mama wa Mahurunga anayepika pale. Nilingoja vibarua warudi ndani, nikapita mlango wa nyuma wa kibanda chake, kwenye majivu. Nikaanza kuzunguka maneno. Hakuniacha nimalize. "Shemeji, mbona umekawia hivyo," akasema, akaingia ndani, akatoka na gunia la korosho limejaa pakiti za chai, zimekung'utwa na kukunjwa moja moja.

Akaniambia ulikuwa ukija siku ambazo mimi niko juu ya winchi, ukipita mlango ule ule. "Alisema, 'Mume wangu anaona haya, usimwambie.' Alipofariki nikaendelea kuziweka tu. Nilijua atakuja mtu."

Mama Neema, nilikaa kwenye gogo la kuni. Miaka mingapi ulikanyaga majivu yale ili mimi nisichekwe? Na ukirudi nyumbani unanipakulia chakula, nami naendelea kukucheka. Niliumia, na bado naumia.

Lakini sikutoka kwa nyuma. Niliweka gunia begani nikatokea mbele, geti limejaa watu wa zamu. Mmoja akaniuliza kwa sauti kama nimehamia kwenye biashara ya takataka. Nikamjibu, "Ndiyo, na inalipa," nikaendelea na safari yangu.

Ijumaa jioni tulikata mimi na Neema mpaka kidole changu kikatoka lengelenge. Jumamosi asubuhi wakala alihesabu, akarudia, akamwita mwenzake naye ahesabu. Kisha wakapanda ngazi wakalishusha godoro. Neema alilibeba mwenyewe kichwani, hakutaka niliguse, tukapita katikati ya barabara ya soko, mimi nyuma na gunia tupu. Tulipofika, fundi yupo barazani na mkokoteni. Nikamwambia arudi nao, hapa hakuna kinachouzwa. Nilimpa chai kwanza, tusije tukaonekana hatuna adabu. Pakiti yake nikaikata kuponi.

Fomu ilitaka kila kitu kiwe na jina. Nikakaa kwenye cherehani yako, mimi, nikashona jina la Neema kwenye shuka. Herufi zimelala upande kama zimelewa. Neema aliziona akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu uondoke, akaninyang'anya kiti akashona shuka ya pili. Anashona kama wewe, ameuma uzi pembeni mwa mdomo.

Shuleni mwalimu wa zamu alipitisha kalamu kwenye orodha kutoka juu mpaka chini. Haikukwama popote. Nilisimama pale nimevimba kifua, nikatamani mtu aniulize tumewezaje.

Pumzika sasa, mke wangu. Kopo nimelipanga ulivyolipanga, za karibu mbele. Fundi akija tena, hata na pesa gani, cherehani ni ya Neema. Na kesho saa nne napitia pakiti kwa Bi Somoe, vibarua wote wakiwa wamekaa na vikombe vyao mkononi. Nitaingilia mlango wa mbele, na atakayeuliza nitamwambia kazi hii nilifundishwa na mke wangu.

Mumeo,
Baba Neema