Maua ya Mpaka wa Ngatia

Skuta, Nyeri
Jumatatu

Kwako dada Murugi,

Pokea salamu kutoka Skuta, ambako baridi inatuuma mpaka masikio. Natumaini nyote hapo Kenol hamjambo, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ila tumbo linazidi kunitangulia. Mke wangu Beth anasema ati siku hizi linabisha hodi kabla yangu.

Nikupe habari kabla Wachuka wa kanisani hajakufikishia na chumvi yake. Unaijua ile nyumba ya mawe ya mzungu Harcombe, ninakotembeza wageni tangu igeuzwe hoteli. Jumamosi walisherehekea miaka mia moja na kumi tangu aijenge. Alikuja hata mjukuu wake kutoka Uingereza, mama mzee mpole. Lennox, meneja wetu, alinipa hotuba iliyochapwa, akanionya nisiongeze hata nukta, kwa kuwa mdomo wangu anaujua. Akasema pia kwamba baada ya chai vijana wa bustani wang'oe matoka yote, yale maua ya mpakani, magari yapate pa kuegesha.

Unakumbuka baba alivyotuonyesha matoka yale kwa kidole, tukiwa nje ya ua wa Harcombe. Yalipandwa na Ngatia, babu yake, kuonyesha mwisho wa shamba lake, na watu wetu hawang'oi maua ya mpaka hata wakikosana vipi.

Nilisoma vizuri mpaka palipoandikwa kwamba Harcombe alikuta pori tupu, bila mtu. Hapo nikaikunja karatasi. Nikawaongoza wageni matopeni na viatu vyao vya sherehe, shina baada ya shina hadi mtoni, nikawauliza pori lilijifunza lini kujipanda kwa mstari. Yule mama akasema kwa upole kwamba kijitabu cha hoteli kinaeleza nyanya yake aliyaleta maua hayo kwa meli. Nikamwambia basi nyanya yake aliyapanda kabla hajazaliwa yeye mwenyewe. Wapishi walicheka mpaka sinia ikaanguka. Yule mama aliinama, akayatazama maua.

Lennox aliniita kando akaniuliza kama nimelewa chai. Akataka barua ya kuomba msamaha kufikia leo, la sivyo nirudishe funguo na koti la kazi. Nikamjibu kwamba atakayeyagusa matoka atanikuta nimeyakalia, na kwa uzito huu atafute trekta.

Lakini kuna jambo sijamwambia hata Beth. Ile hadithi ya meli ni yangu. Mwaka wangu wa kwanza mgeni aliniuliza nani alipanda maua haya, nikaona aibu kusema ni babu yake baba, aliyefukuzwa hapa, nami nimevaa koti la nyumba hiyohiyo. Nikabuni bibi Harcombe na meli yake. Watu wakaipenda, nikairudia, ikachapwa. Harcombe alihitaji bunduki kumnyang'anya Ngatia mpaka wake, Murugi. Mimi nimeutumia mdomo tu, miaka kumi na minane.

Funguo na koti nimerudisha asubuhi. Matoka bado yamesimama: vijana wamekataa kuyagusa, wamemwambia Lennox ashike jembe mwenyewe. Barua ya msamaha nimeandika moja tu, ndiyo hii, na ni yenu nyinyi wa Ngatia. Lennox hapati.

Nisalimie watoto, na uwaambie mjomba wao sasa ana nafasi ya kuwatembelea na kuwamalizia ugali.

Ndugu yako asiye na kazi,
Gatimu