Gauni la Kurudia Nyumbani

Jumanne, 3 Machi

Siku ya tatu tangu nitoke nyumbani, na mgongo bado unauma kwa safari ya basi. Kazi nimepata leo asubuhi, palepale langoni mwa kambi. Kibarua wa fundi. Tunajenga jukwaa la wageni kando ya uwanja wa gwaride. Nyapara hakuuliza mengi. Alinishika viganja, akaviangalia, akasema ingia.

Hakuna anayejua kilichonileta. Nimemfuata binti yangu. Alituaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake, kumbe amekuja kujiandikisha jeshi. Mama yake alinifungia begi kwa mikono yake, na juu kabisa akaweka gauni la bluu la mtoto, la kuvaa siku ya kurudi. Akaniambia nisimtokee mlangoni peke yangu.

Simlaumu. Kaka wa binti yetu, mwanetu mkubwa, alikuwa askari. Tulirudishiwa sanduku lake la chuma, na ndani viatu vilivyong'arishwa. Basi.

Nimepanga chumba kwa mke wa sajini, mama mnene mwenye maneno machache. Akanieleza ya kutegemea katika mji huu. Koti langu la mabaka ya kijani kama ya jeshi nilivue mwenyewe kabla sijavuliwa na wengine. Nikisikia milio nisilale chini, watoto watanicheka. Nikimwona askari na begi mgongoni nisimuulize aendako. Na tarumbeta ya jioni ikilia, bendera inashuka – nisimame. Nikauliza, hata nikiwa na mzigo? Akasema hasa nikiwa na mzigo.

Nilidhani ananitania mgeni.

Jumatano, 4 Machi

Nimeamshwa na ardhi. Siwezi kusema vingine. Kwanza kitanda kilitikisika, halafu maji kwenye kikombe yakaanza kuchezacheza, halafu ndipo nikasikia wimbo. Nikatoka na shuka kiunoni. Barabara yote imejaa watu wanaokimbia, mguu mmoja, sauti moja, jasho linafuka kama mvuke wa sufuria. Wanapita, wanapita, hawaishi. Nimefanya kazi migodini, nimefanya kazi bandarini, nimeona mashine zinazomeza mawe. Sijawahi kuona kitu kizito hivi kilichotengenezwa na watu tu.

Mwenye nyumba alikuwa anafagia. Hakuinua hata kichwa.

Jioni nikaiona hiyo ya bendera. Nilikuwa nimepita kwa kinyozi. Tarumbeta ikalia – mara mji mzima ukakatika kama umeme. Kinyozi akasimama, mashine inanguruma mkononi, mteja naye kasimama na kitambaa shingoni, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Mwenye baiskeli ameshuka. Mama wa ndoo hakuitua, maji yanamtiririka usoni, hapepesi. Hata mbwa wa bucha kakaa kitako! Nikasimama na mimi. Sijui kwa nini. Bendera si yangu zaidi kuliko ya mtu mwingine.

Ilipoisha, kinyozi akaendelea na mzaha wake palepale alipoukatia.

Ijumaa, 6 Machi

Mke wangu amepiga. Nimemwambia bado sijamwona mtoto. Ni kweli, ila si kweli yote. Kila siku nawaona makuruta uwanjani, mbele ya macho yangu. Ninachoshindwa ni kumjua yeye ni yupi! Wote vichwa vimenyolewa, wote wamekaushwa na jua, wote wanageuka kama mlango mmoja. Nilitegemea kumjua kwa mguu wake wa kushoto. Tangu alipoanguka akiwa mdogo anaukunja ndani kidogo anapotembea. Nimekaa juu ya kiunzi nikitafuta mguu uliokunjwa. Haupo. Yote imenyooka.

Kibarua mwenzangu, tunamwita Kokoto, kaniuliza kama nimekuja kujenga au kuchagua mchumba. Nikacheka naye. Ningemwambia nini?

Jumapili, 8 Machi

Mapumziko. Nimetembea mji mzima, na mji mzima unaisha kabla kiatu hakijapata joto. Mawe ya kando ya barabara yote yamepakwa chokaa, kila moja. Kamba za nguo zimejaa kijani, kijani, halafu katikati kigauni kimoja cha mtoto mchanga. Nyumba hazina makufuli makubwa. Mwenye duka anajua nani kapandishwa cheo kabla mwenyewe hajashona tepe.

Mwoka mikate ananishangaza zaidi. Ameniambia kwamba yeye ndiye wa kwanza kujua kikosi kikiondoka, kabla ya wake zao. Kambi ikiagiza ile mikate migumu ya safari, anaiona tarehe. Na hamwambii mtu. Ila siku hiyo, mke wa askari akija dukani, anamwongezea mkate mmoja bila neno. Nikamuuliza, na wao hawaelewi? Akasema wanaelewa. Wanapokea, wanashukuru, wanakwenda nyumbani kupiga pasi.

Nimelifikiria hilo siku nzima.

Jumanne, 10 Machi

Nimemjua! Na nimefanya ujinga ambao sitausahau.

Walikuwa wamesimamishwa karibu na jukwaa, jua la saa saba, hawajongei. Mmoja wa safu ya mbele akajikuna shingo kwa bega, upesi, kama anafukuza nzi. Vilevile anavyofanya mama yake mikono ikiwa na unga. Karai likaniponyoka. Nikaita kwa sauti yote, jina la nyumbani, lile la wembamba wake: "Sindano!"

Hakugeuka. Jicho halikutikisika. Lakini nyuma yake mmoja akacheka, na koplo akasikia. Akatembea polepole mbele ya safu. Kumbe humu ndani tuna Sindano, akasema, na mimi nilikuwa natafuta wa kunishonea uwanja. Akawalaza wote chini. Pushapu. Safu nzima, mikono kwenye kokoto za moto, wanahesabu kwa sauti moja, na sauti yake imo humo ndani, nimeisikia. Kosa ni langu, wanaolipa ni wao.

Nilishuka nimwombe koplo radhi. Nyapara akanidaka mkono. Akaniambia nikikanyaga uwanja ule wataanza upya, na mimi nitalala nje ya lango. Nikabaki nimeshika kiunzi mpaka wakamaliza.

Kilichonishangaza sicho hicho. Walipoinuka, aliyecheka alikuwa anatetemeka mikono, hawezi kusimama. Binti yangu akamshika kiwiko akamwinua, bila kumtazama, macho mbele. Mtoto aliyekuwa akigombana na mdogo wake kwa sababu ya kijiko.

Kokoto sasa ameelewa. Hakutania. Alinipa maji yake ya kunywa.

Jumatano, 11 Machi

Milio tangu asubuhi. Mizinga, huko nyuma ya vilima. Kwanza kifua kinapigwa, ndipo sikio linapata habari. Madirisha yanalia, vumbi linadondoka darini. Mtoto wa jirani amelala usingizi wake kwenye mkeka hajageuka hata ubavu. Mimi ndiye niliyeinama, mtu mzima na mvi zangu. Watoto walinicheka, kama nilivyoahidiwa.

Makuruta waliletwa kutusombea maji ya zege. Wamepanga mstari, ndoo inapita mkono kwa mkono. Mungu ana mambo yake – wa mwisho, wa kunikabidhi mimi, alikuwa yeye. Ndoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akasema chinichini, midomo haisogei:

"Baba, usiniite tena."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndoo ikaja nyingine.

"Umekonda, baba."

Basi. Akageuka na wenzake. Mikono yake ina sugu. Nimezijua sugu hizo, ni kama zangu.

Ijumaa, 13 Machi

Jana mwenye nyumba alirudi na mikate miwili badala ya mmoja. Niliiona mezani. Nilijifanya natafuta kiatu.

Leo alfajiri sajini ameondoka. Mume wake. Nilikuwa uani nanawa uso. Hawakukumbatiana, hawakulia. Mke alimrekebishia ukosi wa shati ambao ulikuwa sawasawa. Sajini akanisalimu mimi, akaniomba nimwangalizie lile bomba la uani linalovuja. Halafu malori yakapita, moja nyuma ya jingine, na wanawake wako milangoni kote barabarani, kila mmoja ameshika kitu, ufagio, sufuria, mtoto. Wanatazama tu. Hakuna aliyepunga mkono mpaka lori la mwisho. Hapo wote wakapunga, kwa wakati mmoja, kana kwamba kuna koplo wao naye.

Niliuliza. Mjinga mimi. Nikamuuliza mwenye nyumba mumewe anakwenda wapi.

"Hatuulizi," akasema. "Tukiuliza watalazimika kutudanganya."

Akachukua ufagio akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Bomba nimelitengeneza kabla ya kwenda kazini.

Nimefikiri juu ya mke wangu na lile sanduku la chuma. Aliliweka chini ya kitanda, miaka yote hii, na kila mwaka anaving'arisha viatu upya. Siku zote niliona ni huzuni tu inamwendesha. Leo sina hakika.

Jumatano, 18 Machi

Zege la ngazi za juu limekauka. Nimepita na pima maji kukagua usawa, povu lake la hewa limekaa katikati kila mahali. Nyapara amesifu, na yeye husifu kwa kutotukana.

Ametangaza kwamba Jumatatu ndiyo gwaride na kiapo. Nilimuuliza kuruta akitaka kuacha anafanyaje. Akanitazama, naye nadhani anajua kila kitu siku nyingi. Akasema lango liko wazi mpaka asubuhi ya kiapo. Mtu anajisemea tu kwa afande, anarudishiwa nguo zake za kiraia, anakwenda. Hatukanwi. Baada ya kiapo ni habari nyingine. Jumamosi alasiri wazazi wanaruhusiwa kuwaona.

Nimempigia mama yake. Nimemwambia kuhusu Jumamosi, na kwamba Jumapili nitafika. Akauliza, mtafika? Nikasema basi ni lile la asubuhi. Akauliza tena, Baba Sindano, mtafika? Nikasema mtandao unakatakata.

Haukuwa unakatakata.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemwona. Nimekaa naye. Naandika sasa hivi kabla haijanitoka.

Viliwekwa viti chini ya turubai. Nilivaa shati nililopigiwa pasi na mwenye nyumba, alilichukua bila kuniuliza. Akaja anatembea, na kutoka mbali nilijiandaa kuuona ule mguu. Mguu umenyooka. Kwa miaka tulimkanda kwa mafuta ya moto, na hapa umenyooka kwa amri.

Alinisalimu kwa heshima zote, halafu akacheka, na hapo ndipo nikampata mtoto wangu. Ameuliza juu ya mdogo wake, juu ya kuku, juu ya dirisha la jikoni kama nimelitia kioo. Akasema yule aliyecheka siku ile sasa ni rafiki yake, wanalala vitanda vya jirani, na kwamba Sindano ni jina lake kambi nzima, hata koplo hamwiti vingine. Akasema asubuhi wakikimbia wote kwa pamoja hajisikii mwembamba. Alisema hivyo tu, akaangalia chini. Sikumwambia kwamba maji ya kikombe changu hutikisika wakipita, na kwamba nimeyaacha pale mezani kila asubuhi makusudi, ili niyatazame.

Nikatoa gauni. Nikaliweka mapajani mwake. Alilijua. Akalinusa.

"Mama anasemaje?"

"Anasema yeye ameshatoa mmoja."

Mikono yake ikawa inalikunja lile gauni. Upande huu, upande ule, anapapasa kingo kwa kidole, anakunja tena. Nadhani hakujua anafanya nini. Halafu akainua macho.

"Na wewe, baba? Wewe unasemaje?"

Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nyumbani mimi huleta riziki, mama yao ndiye husema. Nilifungua mdomo. Ninaapa nilikuwa nimeanza – na tarumbeta ikalia.

Akasimama. Nikasimama. Wazazi wote, makuruta wote, mwuza maji pale langoni, ndege tu ndio waliokuwa na ruhusa ya kujongea. Tulisimama bega kwa bega mimi na yeye, na mimi niliyezoea kumtazama kwa juu, nikaona tumelingana. Bendera ilishuka taratibu sana. Sikutaka ifike chini.

Ilipofika, muda ulikuwa umekwisha. Akaniwekea gauni mikononi, akageuka, akaenda. Kama anakwenda kwa afande kusema aachiwe, au anakwenda kupiga viatu rangi kwa ajili ya Jumatatu, sijui. Hakusema. Mimi nami sikumjibu.

Gauni liko hapa mbele yangu. Limekunjwa pembe nne, kingo zimenyooka kama tofali. Nimeweka pima maji juu yake, kwa ujinga tu. Povu limekaa katikati.

Simu inalia. Ni mama yake, mara ya pili hii. Mwenye nyumba amechungulia mlangoni, ameona simu, ameona gauni, amerudi jikoni.

Jukwaa letu lina ngazi nne na nyapara kasema vibarua tutakaa ile ya juu kabisa, nyuma ya wageni. Kutoka pale uwanja wote unaonekana. Kama atakuwepo uwanjani, nitamwona. Kama hatakuwepo, atakuwa langoni na nguo zake za kiraia, na nitashuka mbio.

Kwa vyovyote, Jumapili sifiki. Nitafika Jumanne. Ngoja nipokee, nimwambie.