Kura Tatu Zilizonyamaza

Lodwar, Turkana
1996

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Salamu zitangulie mlangoni, nami nafuata nyuma yake na habari. Goti lasemaje? Dada Mwanahamisi aliniandikia kwamba umeanza kulikanda kwa mafuta ya nazi, nikafurahi, maana dawa ya hospitali najua umeificha kabatini. Mimi ni mzima. Jua la Lodwar lanipika kila siku lakini bado halijaniivisha. Samaki wa ziwani wanaoletwa kutoka Kalokol nimewazoea, ingawa kwa mtoto wa Vanga ng'onda asiyetiwa chumvi ni mtihani.

Mama, nimeshinda. Nalisema mapema ili dada anayekusomea asikurushe roho hadi mwisho wa ukurasa. Ile barua yangu iliyopita, ya kukuambia kwamba chuo kimeninyima mkataba na ninafunga mizigo nirudi nyumbani, ichomeni. Mizigo nimeifungua. Nimepewa miaka mitatu mingine ya kufundisha walimu hapa na kule Kakuma, na namna nilivyoipata lazima uisikie kwangu kabla Mjomba hajaitia viungo.

Hapa kituoni tuko wahadhiri wanane. Kanuni ya chuo ni kwamba mkataba wa mtu ukikaribia kwisha, yeye hutolewa nje na wenzake humpigia kura ya siri, abaki au aende. Ili abaki, zaidi ya nusu ya waliohudhuria lazima waandike ndiyo. Wapiga kura wangu walikuwa saba, kwa hiyo nilihitaji ndiyo nne. Nilikaa na raha zangu. Nikajiambia, nani atanikataa? Nimekula nao, nimeugua malaria pamoja nao. Kesho yake nikapewa bahasha ya mwenyekiti: ndiyo tatu, hapana moja, karatasi tupu tatu. Asante kwa utumishi wako.

Nililia, Mama. Si kwa ajili ya mshahara tu. Kule kambini Kakuma nina walimu waliokimbia vita Sudan, wanaofundisha watoto chini ya turubai na wao wenyewe bado wanajifunza ualimu. Tulikuwa nusu ya safari. Mmoja wao, Mwalimu Deng, aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hapa kila mtu anakuja, anaanza, anaenda. Wewe maliza." Nami nilimwahidi nitamaliza.

Basi jioni ile nimekaa juu ya sanduku langu, akabisha Dakta Lokaale. Huyu ni mwenzetu, Mturkana wa hapa hapa, bingwa wa maradhi ya ngamia. Yeye na wenzake wawili wa hapa waliajiriwa pamoja mwaka jana, na kura yangu ndiyo iliyokuwa kura yao ya kwanza. Alikuja na paja la mbuzi begani, uso wote meno.

"Ejoka, dada," akasema, ndiyo salamu yao. "Nimekuja tukule. Tumekupitisha."

Nikadhani ananichezea shere. Nikampa barua. Aliisoma, akairudia, akaketi kizingitini na paja lake mapajani.

"Mimi sikuandika kitu," akasema. "Hata wale wawili hawakuandika. Sisi hatuna neno na wewe."

"Kama hamna neno, mbona hamkuandika ndiyo?"

"Dada, kwetu wazee wakikaa kikao, mwenye anakataa ndiye anasimama anaongea. Mwenye anakubali anakaa kimya. Ukisimama kuongea jambo umekubali, watu watauliza huyu anatafuta nini."

Nilitaka kukasirika nikajikuta nacheka, machozi bado yako mashavuni. Mimi ni nani wa kumlaumu? Dada Mwanahamisi alipoulizwa kama ameridhia kuolewa, alisema nini? (Dada, usiruke mstari huu.) Aliinamisha kichwa, akanyamaza, nasi tukapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nawe, Mama, siku nilipokuomba radhi ya kuja huku, uliendelea kusuka ukili wako, hukunijibu kitu. Nikasema kimya cha mama ni ndiyo, nikapanda basi.

Asubuhi tukaenda kwa Dakta Akinyi, mwanamke wa Kisumu asomaye kanuni za chuo kama wenzake wasomavyo magazeti. Kwanza alimcheka Lokaale mpaka akajifuta macho. Kisha akatueleza kwamba kura inaweza kurudiwa mara moja tu, katika kikao kinachofuata, na ombi lazima litolewe na mtu aliyekuwa upande ulioshinda. Walioshindwa hawaruhusiwi kuomba, la sivyo kila kikao kingekuwa cha marudio. Sasa upande ulioshinda ni upi? Ni wa walionikataa. Na karatasi tupu zimeangukia upande gani? Huo huo.

"Kwa hiyo, Lokaale," akasema, "kwa kanuni wewe ni adui yake. Mimi rafiki siwezi kumsaidia. Adui ndiye atamwokoa."

Ila sharti awe kitini mwenyewe siku hiyo. Salamu za kutumwa hazihesabiwi.

Na kama ujuavyo, penye neema hapakosi vituko. Siku chache kabla ya kikao tulitumwa Kakuma sote wawili, mimi kwa walimu wangu, yeye kwa ngamia wake. Kakuma kwenyewe hakukunyesha hata tone, lakini mvua ilinyesha mbali huko vilimani, na laga, yaani mto ulio mkavu karibu mwaka mzima, ikajaa maji mekundu yanayosukuma magogo. Asubuhi ya kikao maji yalikuwa yameshuka hadi kiunoni, na dereva wetu hakutaka hata kuyatazama. Lokaale akavua viatu na suruali yake ya kikao, akavifunga kichwani kwa leso yangu. Mwalimu Deng na wenzake, ambao walikuja kutusindikiza, wakashikana mikono kutoka ukingo hadi ukingo. Wakamvusha yeye kwanza, kisha wakanivusha mimi, mtoto wa pwani niliyekulia majini, nikipiga kelele kuliko mbuzi. Ng'ambo tukapata lori lililokuwa limekata tamaa ya kuvuka, linageuza kurudi Lodwar. Deng hakunipungia mkono. Alisimama tu majini akitutazama mpaka lori likaondoka.

Tulifika wakati mwenyekiti anafunga mlango. Lokaale akaingia, suruali imekunjamana, leso yangu sasa iko shingoni. Mimi nikakaa barazani. Kwa joto la hapa madirisha hayafungwi, kwa hiyo sikuyadukiza maneno, yalinifuata yenyewe.

"Mwenyekiti, mimi naomba hii kura irudiwe," nikamsikia. "Nilikuwa upande ya waliokataa."

"Wewe ulikataa?"

"Hapana. Mimi nilinyamaza. Nyinyi mkaandika imekataa."

Mwenyekiti wetu ni mtu wa miwani na utaratibu, si mtu mbaya. Nikasikia anafunua kurasa, kisha akasema ombi ni halali. "Lakini uwe mfupi, Dakta."

"Siku ile nilikuwa mfupi sana, na mtu karibu apoteze kazi," Lokaale akajibu. "Leo mniache niongee."

Na akaongea, Mama. Alisimama kama wanavyosimama wazee wao, akaeleza tangu nilipofika: walimu niliowafundisha, safari nilizokwenda juu ya magunia ya malori, darasa nililoliendesha siku upepo ulipochukua turubai. Mengine nilikuwa nimeyasahau. Alipomaliza wenzake wawili wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakasema wao pia wanaomba, na wao pia wataandika. Nilikuwa peke yangu barazani nimejifunika uso kwa buibui, nalia tena, ila kilio hiki kilikuwa kitamu.

Ndiyo sita, hapana moja. Huyo mmoja simtafuti wala simchukii. Kura ni siri yake, na angalau aliandika.

Sasa sikiliza aibu yangu. Nikaitwa ndani. Mwenyekiti akanisomea matokeo, akaniuliza kama naukubali mkataba. Watu wote wananitazama. Nami, pamoja na yote yaliyonipata, nikafanya nini? Nikainamisha kichwa nikatabasamu, kimya kama mwari. Mwenyekiti kalamu mkononi, anangoja.

"Dada, sema," Lokaale akaniambia, hawezi tena kujizuia kucheka. "Hapa kimya inaumiza mtu."

"Nakubali," nikasema, kwa sauti iliyomfanya askari wa getini ageuke.

Jioni hiyo Msomali wa dukani alituchinjia mbuzi kwa bismillahi ili nami nile, na Dakta Akinyi alicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Habari niliipeleka Kakuma kwa mdomo wangu wiki iliyofuata. Deng alinisikiliza, akafuta ubao, akasema, "Haya, tuendelee." Mwezi ujao wanamaliza nusu iliyobaki, kisha naanza na kundi jipya, Inshallah.

Nisalimie Mjomba muuza mafuta ya taa, mwambie hadithi asiongeze laga ya pili. Nisalimie Shangazi mkunga na mkwe wako, mume wa dada aliyeolewa kwa kimya. Busu watoto.

Na wewe, Mama. Kila barua ya nyumbani husema Mama anakusalimu, lakini juu ya kuwa kwangu huku hujaniambia neno hata moja. Miaka mitatu nimekihesabu kimya chako kuwa ndiyo. Sasa nimejua kwamba kimya huhesabiwa na aliyeshika kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi. Nimepita kura ya wasomi saba, moyo wangu unangoja yako. Weka ukili chini kidogo, umwambie dada aandike. Ukisema ndiyo, nitaisoma mbele ya walimu wangu wa Kakuma. Ukisema hapana, nitaipokea, tuzungumze. Karatasi tupu, Mama, safari hii siipokei.

Ni mimi mwanao,
Mwanakombo